Homa ya Mwaka 1918

Mwezi wa Septemba 1918, vita vya Waingereza na Wajerumani vikiwa karibu kwisha, meli zilileta Mombasa homa kali ya mafua. Ikapanda garimoshi, ikafuatana na wapagazi waliorudi makwao. Katika Kenya pekee yakisiwa watu 150,000 hivi walikufa. Nayo iliwaua sana vijana wa miaka 20 hadi 40, ndio hao wachimbaji wa makaburi. Nani basi angekaa matanga, na kila nyumba ina mgonjwa wake? Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ni ya watu wa vita, hawa haiwataji.

Kazi yako ya juma hili: uliza kama ukoo wenu ulipotelewa na mtu mwaka ule. Jina likipatikana, litaje mbele ya watoto, na atakaye kulia alie.