Ng'ombe Wanne wa Mjini

Hapa kwetu Liparamba jirani akijenga banda la nguruwe chini ya dirisha lako, mnakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mnaelewana. Mjini kuna sheria ndogo, na historia yake ina utamu wake.

Mwaka 1974 serikali ilihimiza Kilimo cha Kufa na Kupona, hata mijini. Miaka ya 1980 mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi. Wafanyakazi wa Dar es Salaam wakaanza kufuga kuku na ng'ombe wa maziwa nyumbani, na kule Oysterbay wafugaji walikuwa vigogo wenyewe.

Mwaka 1990 Jiji likatoa kanuni: mwisho ng'ombe wanne kwa mtu, tena wafungiwe bandani. Ng'ombe wakaendelea kuzurura barabarani na kula maua ya watu. Mgambo gani angemkamata ng'ombe wa bosi wake?

Nayasema haya kwa sababu wilaya yetu ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Mbamba Bay inakua. Kanuni zitakuja, na afya zinazihitaji. Ila zisianze na mama anayesomesha watoto kwa nguruwe wawili, zikamruka mwenye ishirini.

Nyie mnaonaje?