Nyaya Nane na Kivuli cha Simu

Ndani ya kichwa cha plastiki chenye upana wa kidole, mwisho wa kila kebo ya mtandao, zimelala nyaya nane. Fundi mzoefu huzipanga kwa ghibu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anayejifunza kazi hushangaa kuona jozi ya kijani imetenganishwa, buluu mbili zikaketi katikati yake. Mpangilio huo una asili yake, na asili hiyo ni simu ya mezani.

Lakini Ethaneti, mfumo wa mtandao unaotumia kebo hiyo, haikuanza na nyaya nane. Ilizaliwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs, na kompyuta zote zilitumia kebo moja. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa maelezo ya pamoja ya mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde. Kebo yake ilikuwa nene karibu sentimita 1, ngumu, na mara nyingi ya rangi ya manjano. Kila baada ya mita 2.5 palikuwa na alama, na hapo tu ndipo fundi aliporuhusiwa kuunga kompyuta.

Hakuikata. Aliitoboa kwa kekee maalumu mpaka karibu na kiini, kisha akaibana kwa kifaa chenye sindano iliyoingia mpaka kwenye shaba ya ndani. Akikosea kidogo, sindano iligusa kiini na wavu wa nje kwa pamoja, na ofisi nzima ikakosa mtandao. Ncha mbili za kebo nazo zilivishwa vizuizi vya omu 50, kwa kuwa mawimbi yakikosa cha kuyameza hurudi nyuma kama mwangwi na kuvuruga yanayokuja.

Ikafuata kebo nyembamba, ya bei nafuu, iliyopita kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa urefu wa jumla usiozidi mita 185. Hii ndiyo iliyomfunza fundi kuchagua zana. Vichwa vyake vya BNC viliweza kubanwa kwa koleo lake maalumu, au kuzungushwa kwa mkono bila zana yoyote. Cha kuzungusha kilimvutia mwenye haraka, lakini kililegea upesi, na kiungo kimoja kikilegea wote waliokuwa kwenye kebo hiyo walikatika. Kumtafuta mkosaji kulimaanisha kutembea meza kwa meza.

Nafuu ilitoka kwenye teknolojia ya kale zaidi. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya za simu zilizosokotwa jozi jozi mwaka 1881: waya mbili zikisokotana, kelele ya umeme huzipata zote mbili karibu sawa na hivyo kufutika. Miaka ya 1980 wahandisi walianza kupitisha data kwenye nyaya za aina hiyo, ambazo tayari zilikuwa ndani ya kuta za maofisi ya Marekani. AT&T ilikuwa na mtandao wa StarLAN wa megabiti 1; SynOptics, iliyoanzishwa mwaka 1985 na watu waliotoka Xerox, ilikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba megabiti 10 zinapita. Kiwango cha 10BASE-T kilipotoka mwaka 1990, kila kompyuta ilipata kebo yake, hadi mita 100, na ajali ya mmoja ikaacha kuwa msiba wa wote.

Kichwa nacho kilirithiwa kutoka simu, na jina la RJ45 likaja nacho. Katika desturi ya simu, laini ya kwanza hukaa kwenye pini za katikati, 4 na 5, na ya pili huizunguka kwenye 3 na 6. Waliopanga Ethaneti waliziacha 4 na 5 kwa ajili ya simu, wakachukua 1 na 2, pamoja na 3 na 6. Ndiyo maana kijani imegawanyika. Mipangilio miwili, T568A na T568B, hutofautiana tu kwa kubadilishana nafasi kati ya chungwa na kijani, na hakuna ulio bora. Muhimu ni jengo zima kufuata mmoja.

Kosa baya zaidi ni la anayezipanga jozi jozi kwa mfululizo, akidhani ndio unadhifu. Testa ya bei rahisi itawasha taa zote nane, kwa sababu kila waya umefika upande wa pili. Lakini pini 3 na 6 sasa zinatumia waya wa jozi mbili tofauti, msokoto hauzilindi tena, na mtandao unasuasua bila sababu inayoonekana.

Mwaka 1999 gigabiti ikaanza kutumia jozi zote nne, na uvumilivu ukapungua. Msokoto haupaswi kufunguliwa zaidi ya milimita 13 hivi kabla ya pini. Hapo ndipo njia ya kampuni ya Krone ya Ujerumani inapoonyesha thamani yake. Herufi LSA zilizopewa mfumo wake zinasimamia maneno ya Kijerumani yenye maana ya bila kulehemu, bila skrubu, bila kumenya. Waya husukumwa kwa zana kati ya meno mawili ya chuma, nayo hukata gamba na kushika shaba.

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, kasi inayoingia Kenya na Tanzania si ile ya zamani, na kebo mbaya ofisini inaonekana haraka. Waya imara wa ukutani na uishie kwenye soketi iliyopigiliwa kwa zana ya Krone. Kichwa cha kubana kibaki kwa kebo fupi ya kuchomeka. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba haikidhi viwango, na ikibeba umeme wa kamera hupata joto kuliko shaba tupu. Anayejengewa ofisi na aombe, kabla ya kulipa, kuonyeshwa soketi moja ikiwa wazi, ahesabu milimita za msokoto uliofunguliwa.