Nani Ana Paa?

Mara ya kwanza kwenda Paa ya Paa nilipanda matatu ya Kiambu, nikamwambia konda anishushe Ridgeways. "Ridgeways wapi?" Nikamwambia, Paa ya Paa. Akanitazama kama nimemtegea kitendawili. Mzee mmoja kiti cha mbele ndiye aliyeniokoa: "Huyu anaenda pale kwa wasanii."

Simlaumu konda. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Lakini kuna maana ya tatu, ile ya nyumba. Na kadiri ninavyozunguka nyumba za sanaa za Nairobi, naona ni hiyo ya tatu inayoeleza historia yetu. Vipaji havijawahi kutuisha. Swali huwa ni nani ana paa, na atakaa chini yake hadi lini.

Paa ya Paa ilianza 1965 katikati ya jiji. Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanganyika aliyekuwa amemchora Yesu Mwafrika kwenye kuta za kanisa kule Murang'a, aliianzisha na wenzake, wakiwemo mshairi Jonathan Kariara na mwanahabari Hilary Ng'weno. Uhuru ulikuwa na miaka miwili tu, na walitaka Mwafrika awe na mahali pake pa kuonyesha kazi. Baadaye wakahamia Ridgeways. Mwaka wa 1997 moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa zimekusanywa kwa miaka thelathini. Siku ile nilitembea kwa nyasi kati ya sanamu, nikijaribu kuwaza picha ambazo kizazi changu hakitaziona kamwe.

Moto si lazima. Gallery Watatu iliitwa hivyo kwa sababu ilianzishwa na wasanii watatu, mwisho wa miaka ya 60. Miaka ya 80 Ruth Schaffner aliichukua, na ni pale Standard Street watu wengi walipokutana na kazi za Sane Wadu, yule mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi. Watu walisema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Schaffner alifariki 1996, na miaka kama kumi na tano hivi baadaye Watatu ikafungwa. Leo ukipita Standard Street unakimbilia mkutano au chakula cha mchana, hakuna kinachokuambia kitu.

Hata mwenye cheo hakupona. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais 1966, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga ili pawe kituo cha utafiti wa Afrika. Nyumba ikaishia kubomolewa. Sehemu ya mkusanyiko wake leo iko Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya PC, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Picha zilipata paa, lakini halikuwa lile aliloliwazia mwenyewe.

Kuona nayo imekuwa kama mpangaji yeyote wa Nairobi. Ilianza 1995 pale Makumbusho, ikahamia GoDown, ghala la zamani Industrial Area, kisha Kilimani. Shirika lilipoyumba, wasanii waliokuwa na studio mle ndani waliungana wakaendelea wenyewe. Hapo ndipo niliona kitu: kinachodumu ni pale ambapo wanaochora ndio wanaoshika ufunguo.

Mfano bora uko Mukuru. Wajukuu ilianzishwa 2004 na vijana wa mtaa, na watoto wa majirani hufundishwa kuchora palepale. Mwaka wa 2022 walialikwa documenta, yale maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani. Walijenga njia ya kuingilia ukumbini kwa mabati yenye kutu, kama ya kwetu. Wageni wakainama kupita chini ya paa la Mukuru ndipo waone sanaa. Mwaka huohuo Wajukuu ikapewa tuzo ya Arnold Bode.

Mwaka huohuo tena, taasisi ya NCAI, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, ilifungua milango yake hapa Nairobi kwa maonyesho ya nani? Sane Wadu. Mzee alirudi jijini, na safari hii kazi zake za miaka mingi zilikuwa ukuta mmoja baada ya mwingine.

Mimi sina doo ya kununua picha. Nina katoni chini ya kitanda. Kila nikienda maonyesho nachukua ile karatasi yenye majina ya kazi, naandika tarehe, narudi nayo kejani. Ukienda, chukua yako pia. Usiitupe kwa matatu. Mahali pale pakifungwa, huenda hiyo karatasi ndiyo itakayobaki kusema picha ile ilikuwepo, na aliichora nani.