Ushindi wa Mahakamani na Deni la Serikali: Safari ya Mkandarasi wa Wajir

Serikali ilifika Wajir mwaka 1912. Waingereza walifungua kituo kando ya visima ambavyo Wasomali na Waborana walikuwa wakinyweshea ngamia tangu zamani, wakasimamisha majengo machache ya mawe ya chokaa, kisha kwa miongo kadhaa hawakujenga cha kutajika. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Wajir ilikuwa sehemu yake, ilikuwa eneo lililofungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulikuja na vita vya Shifta. Mwaka 1965 Waraka wa Bunge Nambari 10 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na mazao. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini wakati wa uhuru iliondolewa Novemba 1991 tu. Katika miaka yote hiyo mkandarasi wa Wajir alikuwa mtu adimu, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwepo.

Ugatuzi uligeuza mambo. Mwaka 2013 Kaunti ya Wajir ilianza kupokea mgao wa zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka, na ghafla zabuni zikawa nyingi: silanga, visima, zahanati, madarasa, barabara. Wafanyabiashara wa ngamia na wenye maduka wakasajili kampuni za ujenzi.

Kazi hizo huanza kwa mkopo na huendelea kwa mkopo. Saruji na nondo hupakiwa lori Nairobi, hupita Garissa, kisha huanza zaidi ya kilomita 300 za njia ambayo mvua kubwa ikinyesha haipitiki. Mwenye duka la vifaa hukopesha, mwenye lori hukopesha, mafundi huvumilia. Kazi ikiisha mhandisi wa kaunti huja na futi yake, hupima, hutia sahihi hati ya kukamilika. Sehemu ya malipo, ambayo aghalabu hufika asilimia 10, hubaki ikishikiliwa mpaka muda wa kurekebisha kasoro upite. Ankara huingia ofisi ya fedha, na mkandarasi huambiwa arudi wiki ijayo. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni bila yeye kulipwa, jina lake huingia kwenye orodha ya madeni yaliyolimbikizwa.

Mambo huwa mazito zaidi gavana anapobadilika. Uchaguzi wa gavana wa Wajir wa mwaka 2017 ulifutwa na Mahakama Kuu Januari 2018, ukarejeshwa na Mahakama ya Juu Februari 2019, kisha Seneti ikamwondoa gavana huyo huyo Mei 2021. Mwaka 2022 akarudi Ahmed Abdullahi, aliyekuwa gavana wa kwanza. Kote nchini, utawala mpya hupenda kuunda kamati ya kukagua madeni ya uliotangulia, na kamati ikikaa, malipo husimama.

Aliyechoka kungoja huenda kortini, na huko hukutana na sheria iliyomtangulia kuzaliwa. Uingereza ya zamani ilishikilia kwamba mfalme hashtakiwi katika mahakama yake mwenyewe. Aliyedai alipeleka ombi na kusubiri ridhaa ya mfalme ndipo asikizwe. Mwaka 1947 Bunge la London liliruhusu taji lishtakiwe kama mtu mwingine, ila likaacha ngao moja: mali ya serikali haikamatwi. Koloni la Kenya liliiga sheria hiyo mwaka 1956, na Jamhuri ikairithi kama Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, sura ya 40. Kifungu cha 21(4) kinakataza kutoa amri ya kukamata mali ili kuilipisha serikali, na kinaongeza kwamba hakuna mtu atakayewajibika binafsi kwa deni hilo. Mabaraza ya wilaya nayo yalikuwa na kinga ya aina hiyo katika kifungu cha 263A cha Sheria ya Serikali za Mitaa. Kaunti zilipozaliwa, ngao ikavishwa kaunti. Chini ya kinga hiyo, dalali wa mahakama anayeweza kuvuta lori la mfanyabiashara aliyeshindwa kesi hawezi kugusa tingatinga la kaunti.

Mwaka 2005, katika shauri la Kisya Investments, Mahakama Kuu iliitetea kinga hiyo. Basi mwenye hukumu afanye nini? Sheria yenyewe inampa njia, ndefu na ya hatua kwa hatua. Baada ya siku 21 tangu hukumu, huomba msajili wa mahakama ampe cheti cha amri, hati inayotaja kiasi anachodai pamoja na gharama. Cheti hupelekwa kwa serikali, na kifungu cha 21(3) humtaka afisa mhasibu alipe. Afisa akikaa kimya, mdai hurudi mahakamani kuomba amri ya mandamus, inayomlazimisha mtumishi wa umma atimize wajibu ambao sheria imeshamwekea. Akiipuuza nayo, hushtakiwa kwa kudharau mahakama, na hapo anaweza kutozwa faini au kufungwa. Anayeitwa kujieleza kizimbani ni katibu au afisa mkuu wa fedha kwa jina lake.

Majaji waliinoa silaha hiyo baada ya Katiba ya 2010. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitupilia mbali sharti la kuipa serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki, ikisema linazuia watu kufikia haki. Maafisa nao walijaribu kujikinga: Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016 ilifanya iwe vigumu zaidi kuwaadhibu watumishi wa serikali, lakini Novemba 2018 Mahakama Kuu ikaifuta yote kwa kukiuka Katiba.

Wakati huo huo siasa ilishika njia yake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alichunguza madeni ya kaunti hadi Juni 2018: zilidaiwa takriban shilingi bilioni 89, akaona bilioni 51 ndizo zenye stakabadhi za kulipika. Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wadai walipwe, na baadaye mwaka huo Hazina ya Taifa ikazuia fedha za kaunti 15 zilizokaidi, Garissa ikiwa mojawapo. Mwaka 2021 Seneti ikawa na mswada wa malipo ya haraka wa seneta mteule Farhiya Haji, lakini haukufika kuwa sheria.

Wajir kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sheria havilitazami. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 140, inampa mkandarasi riba juu ya malipo yaliyochelewa. Kwa Waislamu wengi wa hapa, riba ni haramu. Mkandarasi akiikataa, deni analodai hupungua thamani mwaka hadi mwaka, ilhali yeye anadaiwa vilevile na mwenye duka. Kwa kadhi hawezi kwenda, maana Katiba imemwekea kadhi mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Hata hivyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaamuru deni liandikwe na liwekewe mashahidi, na hapo dini na korti zinakutana.

Maandishi ndiyo huamua kesi hizi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliinyima kampuni ya utangazaji ya Royal Media Services malipo ya matangazo iliyokwisha kuyarusha kwa ajili ya tume ya uchaguzi, kwa sababu taratibu za ununuzi hazikufuatwa. Kazi kukamilika peke yake hakukuokoa dai. Halafu kuna saa inayokwenda: Sheria ya 1974 kuhusu muda wa kuishtaki serikali inatoa miaka 3 kwa madai ya mkataba, ilhali raia kwa raia wana 6. Mkandarasi anayeambiwa kila mara arudi wiki ijayo, akiamini ahadi za ofisini, anaweza kuamka siku moja akiwa na hati zote safi na mlango wa mahakama umefungwa.

Hivyo historia ya njia hii inampa mkandarasi wa Wajir ushauri mkavu. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, ahakikishe bajeti ya mradi imetengwa, kama sheria inavyomtaka afisa mhasibu afanye kabla hata ya kutangaza zabuni. Kazi ikiisha, asiondoke bila hati iliyotiwa sahihi. Na ahadi za mdomo zinapofikia mwaka wa pili, aache kuzihesabu, amtafute wakili.