Bei Khiyari na Madeni ya Mashamba ya Karafuu

Mkarafuu haulipi haraka. Mche huchukua miaka sita au saba hivi kabla ya kuzaa, na hata ukishakomaa hauzai sawasawa kila msimu: mwaka huu matawi yanainama, mwaka ujao hakuna cha kuchuma. Tangu kilimo hicho kishamiri Unguja na Pemba enzi za Sultani Seyyid Said, katika karne ya 19, mwenye shamba alihitaji fedha za palizi na uchumaji kabla hajauza hata frasila moja. Alizikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wengi wao nao walidaiwa na matajiri wakubwa zaidi.

Kwa kuwa Uislamu umeharamisha riba, mkopo ulipita kwa sura ya mauzo, na utaratibu wake ukaitwa bei khiyari. Mwenye shamba alimwandikia mkopeshaji hati ya kumuuzia shamba, akabaki na haki ya kulikomboa kwa fedha ileile ndani ya muda waliopatana. Papo hapo alilikodi shamba hilohilo, na kodi aliyolipa ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Muda ukipita bila kukomboa, mauzo yalitimia. Ubaya wake ni kwamba deni halikuonekana. Mdaiwa aliendelea kuishi shambani na kuanika karafuu kwenye majamvi yaleyale, na jirani asijue kwamba miti ile ina mwenyewe mwingine.

Kukopa fedha za palizi hakukuwa na ubaya. Mavuno yakiuzwa, deni lilikwisha. Hali iligeuka pale ujira wa wachumaji, waliolipwa kwa pishi, ulipokopwa kwa ahadi ya karafuu zingali mtini, kwa bei aliyoitaka mkopeshaji. Mavuno yalikuwa yameshaliwa kabla ya kuanikwa. Ilikuwa mbaya zaidi kodi iliposhindikana: ilijumlishwa kwenye deni, hati mpya ikaandikwa yenye kiasi kikubwa kuliko ya kwanza, na mkopaji asishike hata pesa moja mkononi. Aliyefika hapo hakuwa tena na deni la kilimo bali deni linalojizaa, na msimu mmoja mzuri usingemwokoa.

Lawama nyingi zilielekezwa kwenye israfu ya harusi na matanga. Zina ukweli wake, lakini hazitoshi. Kimbunga cha 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baada ya utumwa kuondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, kazi iliyokuwa ikifanywa na watumwa ilidai ujira wa fedha taslimu. Hata mwenye shamba asiyejua anasa alilazimika kubisha hodi kwa tajiri.

Sheria ya Kiislamu haikumwacha mdaiwa bila njia. Inamtaka mdai ampe muda aliyekwama, na kadhi anaweza kumtangaza mtu kuwa mufilisi, mali yake ikauzwa na wadai wakagawana kila mmoja kwa kadiri ya dai lake. Lakini hatua hiyo huanika hadharani kile ambacho bei khiyari ilikificha. Si ajabu kwamba kuandika hati nyingine kulionekana kuwa nafuu.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulishusha bei ya karafuu, na siri ikawa suala la serikali. Mwaka 1934 utawala wa Kiingereza ulitunga sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wengine bila idhini na za kuwadhibiti wakopeshaji. Madai ya madeni ya mashamba nayo yakasimamishwa kwa muda. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wameonewa, hasa Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipopewa mamlaka juu ya biashara yenyewe. Mwaka 1937 walisusia karafuu, wakiungwa mkono na chama cha Congress kule India, na mgomo ukaendelea hadi mapatano ya 1938. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya wenye mashamba.

Kwa wengi nafuu hiyo ilichelewa. Ingalifaa zaidi kama ingalikuja wakati wa hati ya pili, si ya mwisho. Mwishowe umiliki wa mashamba wenyewe ulibadilika: baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi yote, ikagawa viwanja vya eka tatu tatu kwa wananchi.