Hatamu ya Moyo

Mwaka 1845, wanazuoni waliokutana mjini Naples, Italia, walisikia habari ya ajabu. Ndugu wawili Wajerumani, Ernst Heinrich na Eduard Weber, walikuwa wamepitisha umeme kwenye neva ya vagasi ya chura, ile inayotoka ubongoni na kushuka shingoni hadi kifuani, na moyo ukasimama. Umeme ulipokatwa, ukaanza kupiga tena. Wakati huo neva ilijulikana kwa kuamsha: ukiichokoza, msuli hukaza, mguu huruka. Hii ilituliza.

Katika miaka ya 1860 ndugu wengine wawili, Elie na Moritz von Cyon, wakaeleza neva za upande wa pili, zinazoukimbiza moyo. Kumbe moyo una hatamu, na una mjeledi.

Hatamu hiyo huvuta vipi? Otto Loewi, aliyefanya kazi Graz, Austria, alisimulia kwamba jibu lilimjia usingizini. Aliamka, akaandika wazo lake kwenye kipande cha karatasi, akalala. Asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata wazo likarudi saa tisa. Mara hii hakuiamini karatasi, alikwenda moja kwa moja maabara. Akachukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza, uliokuwa bado na neva yake, akauchokoza kwa umeme, ukapunguza mwendo. Maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake akayatia kwenye wa pili, ambao haukuguswa na umeme. Nao ukapunguza mwendo. Neva ilikuwa imemwaga kemikali, ambayo leo tunaiita asetilikolini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Kutoka kwa chura hadi kitandani kwa mgonjwa palikuwa mbali. Mwaka 1967 Eugene Braunwald na wenzake, Marekani, walieleza kifaa kinachochokoza neva ya shingoni inayopima shinikizo la damu. Kifua kikimbana, mgonjwa alikiwasha mwenyewe, na moyo ukapunguziwa kazi.

Moyo ulioshindwa kazi ni punda aliyechoka anayezidi kuchapwa: neva za kuukimbiza hazipumziki. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichokoza vagasi ya panya wenye moyo wa namna hiyo kwa wiki sita. Siku 140 baadaye, asilimia 86 walikuwa hai, dhidi ya 50 ya wasiotibiwa.

Kwa binadamu mambo hayakunyooka. Utafiti wa INOVATE-HF, uliohusisha wagonjwa 707, ulionyesha mwaka 2016 kwamba kuchokoza vagasi hakukupunguza vifo wala kuzidi kwa ugonjwa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kifaa kinachopita njia ya Braunwald, ile ya neva inayopima shinikizo la damu, kwa ajili ya kuwapunguzia wagonjwa dalili.

Kwamba hatamu ipo, akina Weber walikwisha kuonyesha. Linalotafutwa hadi leo ni kadiri: ivutwe kiasi gani ili moyo upumzike, usisimame.