Maruge alitaka mambo mawili: kusoma Biblia na kuhesabu pesa

Kila Januari, shule zinapofunguliwa na wazazi wanapohangaika na bei za sare na vitabu, picha moja huanza kuzunguka upya kwenye simu za Wakenya. Ni ya mzee aliyevaa kaptula na soksi ndefu, amebanana na watoto wadogo darasani. Watu hucheka kidogo, huandika maneno ya kutiana moyo, kisha huendelea na shughuli zao. Mzee huyo ni Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, tarehe 12 Januari 2004. Alisema ana umri wa miaka 84.

Siku hizi umezuka mtindo wa watu kuorodhesha mambo wanayotaka kuyatimiza kabla hawajafa. Vijana wa Nairobi watakutajia kilele cha Mlima Kenya, nyumbu wakivuka Mto Mara, au kuruka kwa parachuti kule Diani. Maruge alikuwa na mambo mawili tu, na hakuyaandika popote kwa kuwa hakujua kuandika. La kwanza, aisome Biblia mwenyewe, maana alishuku kwamba wahubiri waliokuwa wakimsomea hawakuwa wakiifuata ilivyo. La pili, ajue kuhesabu pesa.

Hilo la Biblia lilisimuliwa sana, nalo linapendeza. La pesa hutajwa kwa mbali, kana kwamba linamvunjia mzee heshima. Kwangu mimi ndilo lenye uzito zaidi.

Maruge alisema alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1950. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, Jomo Kenyatta akatawala, Daniel arap Moi akatawala miaka 24, na marufuku ile ikabaki palepale kwenye vitabu vya sheria. Iliondolewa mwaka 2003, baada ya Mwai Kibaki kuingia Ikulu. Tangu hapo wazee walianza kuzungumza hadharani kuhusu fidia. Maruge naye aliisubiri, na alitaka siku pesa hizo zitakapofika aweze kuzihesabu kwa mkono wake, asipunjwe na mtu.

Serikali hiyo hiyo ya Kibaki ndiyo iliyofuta karo katika shule za msingi za umma, Januari 2003. Kenyatta na Moi walikuwa wamejaribu kwa nyakati zao, karo ikarudi kwa majina mengine. Safari hii watoto walifurika. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2, na madarasa yaliyojengewa watoto 40 yakawa na mara mbili ya hao. Wanasiasa walisema elimu ni bure kwa wote, na Maruge akaamua kwamba naye yumo katika hao wote.

Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alidhani mzee anafanya mzaha. Maruge akarudi. Alijitafutia sare, akakata suruali ndefu ikawa kaptula, akavuta soksi hadi magotini kama kanuni ya shule inavyotaka. Mtu aliyefikia hapo huwezi kumwambia kwamba hana nia. Obinchu akamwandikisha, na Maruge akaanza alifabeti shuleni ambako wajukuu zake wawili, kati ya wale 30 aliokuwa nao, walikuwa wamemtangulia.

Maneno yakaanza. Kuna waliouliza mzee anatafuta nini, na kama si vyema nafasi ile apewe mtoto mwenye maisha mbele yake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema, huyu ameshakauka. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa sababu msongamano ulikuwa wa kweli na madawati hayakutosha. Filamu ya mwaka 2010 kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, imeukuza ugomvi huo hadi ukawa vita: wazazi wanafoka, maofisa wa elimu wanaingilia, mwalimu anahamishwa na wanafunzi wanaasi. Oliver Litondo alimwigiza Maruge vizuri sana hivi kwamba Wakenya wengi hawatofautishi tena kilichotokea Kapkenduiywo na kilichoongezwa na mwandishi wa filamu.

Waliompinga walikuwa na jibu moja jepesi: aende ngumbaru. Hapo ndipo wasimulizi wengi hupita mbio. Masomo ya ngumbaru, yaani madarasa ya watu wazima, yaliwahi kuwa jambo kubwa nchini. Desemba 1978, miezi michache baada ya kuingia madarakani, Moi alitangaza vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, na mwaka uliofuata idara maalumu ikaundwa. Akina mama walikaa chini ya miti na makanisani alasiri wakiandika majina yao kwa chaki. Kisha bajeti ikakauka, walimu wakastaafu bila wa kuwarithi, wanafunzi wakapungua mwaka baada ya mwaka. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2007, Maruge akiwa bado darasani, ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, takriban milioni 7.8, hawakujua kusoma na kuandika vya kutosha. Kumwambia mzee aende ngumbaru mwaka 2004 kulikuwa sawa na kumwelekeza kwenye kituo ambacho basi lilishaacha kupita.

Basi akakaa na watoto. Alifanya vizuri katika mitihani na mwaka 2005 akachaguliwa kiranja mkuu. Guinness ikamwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi duniani kuanza shule ya msingi, ingawa hakuwa na cheti cha kuzaliwa na mwaka 1920 aliokuwa akiutaja ulitokana na imani yake tu. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumza wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto wasiopata shule. Kufikia hapo matarajio yake yalikuwa yameongezeka: akasema anataka kuwa daktari wa mifugo.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hazikumstahi. Mali yake iliibwa, akajikuta kambini pamoja na maelfu ya waliofukuzwa makwao Eldoret. Kambi ilikuwa kilomita 4 kutoka shuleni, lakini aliendelea kwenda. Katikati ya mwaka 2008 alihamia Nairobi katika makao ya wazee, na siku chache baadaye akajiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki la Holy Trinity mtaani humo, akaitwa Stephen. Saratani ya tumbo ilimuua tarehe 14 Agosti mwaka huohuo, na akazikwa shambani kwake Subukia.

Lile la Biblia basi tuseme alilikamilisha. Pesa hazikumkuta. Juni 2009, wiki chache kabla hajafa, wazee wachache wa Mau Mau walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake juu ya mateso yaliyofanyika katika kambi za kizuizini, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa ajili ya walalamikaji 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 waliofungua kesi yao baadaye waliambulia patupu mwaka 2018, mahakama ilipoitupa. Wengi wao walikuwa wazee kama Maruge, na hesabu ya kugawa kile kilichotolewa ilifanywa na mawakili.

Kwa umri ameshapitwa. Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga aliyekuwa amewazalisha baadhi ya wanafunzi wenzake, alianza shule akiwa amevuka miaka 85 na alifariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 99, akijiandaa kwa mtihani wa darasa la sita. Yeye pia alikaa na watoto, katika shule ya binafsi iliyokubali kumpokea, yeye pia alitengenezewa filamu na wageni, Wafaransa safari hii, na alipokufa alisifiwa mitandaoni. Walimu wa ngumbaru waliobaki hawajawahi kutengenezewa filamu. Wengi wao ni wa muda tu, wanaopokea posho ndogo, na madarasa yao bado ni ya kuazima.